Milima Yako na Kiwanja cha Juu

Talatala,
kwa njia ya Mwaya,
3 Oktoba 1911

Mpendwa mume wangu Ambilikile, baba Yotamu,

Ugonile. Nakusalimu kwanza kwa lugha ya nyumbani, ndipo niingie katika Kiswahili. U hali gani huko uliko? Kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Bado wanakulisha viazi kila siku, au wamekwisha kutambua kwamba wewe ni mtu wa ndizi? Sisi huku hatujambo. Yotamu ni mzima, ila magoti yake hayana ngozi kwa kuanguka. Neli, ambaye hujamwona, ametoa jino la sita, na kila jino limekuja na homa yake. Mama yako ni mzima isipokuwa ule mguu. Baba yako ni mzima kabisa. Anakula na kufoka kama siku zote.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Bwana unayekaa kwake, unayemsaidia kupanga maneno ya kitabu chake, anasoma Kinyakyusa vizuri kuliko vijana wa hapa, lakini Kiswahili umesema hakijui. Mimi nilikiokota Mwaya utotoni, baba yangu alipokuwa akipakua mizigo melini, nawe ulikiokota palepale. Basi haya ni yetu wawili. Akikuomba umsomee, mwambie mkeo anamsalimu.

Barua yako ya mwezi wa sita ilifika mwezi wa nane, na picha ndani yake. Ndaga, asante. Picha imefika bila kukunjika. Ni kijiji kizuri, siwezi kusema uongo. Nyumba zimepandana juu ya mwamba, mlima mweupe umesimama nyuma, na pale chini ya mnara, ulipo mdogo hata huonekani, umetia nukta ya wino na kuandika, "Mimi nilisimama hapa." Yotamu anailalia picha hiyo. Watu wakimuuliza baba yake ni nani, anaonyesha nukta. Juzi Neli aliilamba, ikafutika nusu, na Yotamu akalia mpaka akatapika, akisema mtoto amemla baba. Kwa hiyo ukituma nyingine, chora nukta kubwa, au usimame wewe mwenyewe mbele ya hicho chombo cha kupigia picha.

Sasa nisikilize.

Barua zako kwangu na kwa baba yako ni tano. Ya kwanza ilikuwa bahari tupu. Ya pili ilikuwa gari la moshi lenye meno, linalopanda mlima kama kenge. Ya tatu ilikuwa kijiji chenye saa mnarani, na watu wa mbao wanaotoka kwenye kidirisha adhuhuri kugonga kengele na kurudi ndani. Ya nne ilikuwa theluji, kurasa tatu. Ya tano ni kijiji hiki. Mimi nimekuandikia mara nne, na kila mara nimeuliza jambo moja tu, nawe hujalijibu hata mara moja. Nitaliandika tena hapa, peke yake, ili lisikuponyoke kati ya mlima na mlima.

Mto umefika kwenye ukingo wa jiko langu. Nyumba yetu lazima ihame kabla ya masika. Kiwanja cha juu ni cha baba yako. Mimi siwezi kumwomba. Mwombe wewe.

Labda huko umesahau jinsi tunavyoishi, kwa hiyo nakukumbusha. Mke wa mtoto hamtazami baba wa mume wake. Hapiti njia anayoipita, hasemi naye, hatamki jina lake. Hata sasa, mbali na macho yake, jina hilo halitoki mkononi mwangu, na ndiyo maana naandika "baba yako" kila mahali kama mtu asiyejua anazungumza habari za nani. Mama yako alijaribu kuniombea. Baba yako alimjibu kwa maneno machache: "Mwanangu ana mdomo. Aombe mwenyewe." Basi, tangu siku hiyo nangoja mdomo wako, nao unaniletea theluji.

Aprili iliyopita mto uliichukua nyumba ya Nsajigwa, jirani yetu wa chini. Tuliliona paa lake likipita zima, na kuku juu yake amesimama kama abiria. Asubuhi ileile maji yaliingia kwetu. Nilimfunga Neli mgongoni, nikampandisha Yotamu mabegani, nikatoka maji yakiwa mapajani. Tulilala siku sita kwenye kibanda cha ndama cha mama yako. Haya yote nilikuandikia. Ulijibu kwamba unatusikitikia sana, na kwamba huko nako kuna mto, wa rangi ya kijani, una daraja la mbao la miaka mia nne, tena lina paa ili watu wasilowe wakivuka.

Daraja lina paa, Ambilikile. Nilirudia kusoma hapo mara tatu nikidhani nimekosea. Daraja lina paa, na mimi nilikuwa nalala na ndama.

Sikatai kwamba ni pazuri. Umeandika kwamba watu wa huko hutoka mijini mwao, hupanda mlima siku nzima, wakifika juu hukaa wakatazama, kisha hushuka wakanywa maziwa katika kijiji cha zamani na kusifu nyumba zilivyoinama. Bwana wako akipumzika kazi hukuchukua nawe ukatazame. Vizuri. Lakini na mimi nimesafiri mwaka huu kwenda milimani, nawe hukuuliza, kwa hiyo nakueleza.

Mwezi wa tano nilikwenda Ikombe. Vyungu vyangu vyote vilikuwa vimekwenda na maji, nikapanda mtumbwi pamoja na wanawake wengine kwenda kwa Wakisi kutafuta vingine. Neli alikuwa na homa, kwa hiyo nilimfunga kifuani ili nisikie pumzi yake. Milima ya Ukinga unaijua, inavyosimama na kutia miguu ziwani. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamekaa katikati yake, na vilele vimetokea juu kama visiwa. Maji yalikuwa kimya. Wanawake waliacha kupiga makasia, mmoja akasema, "Tazameni." Mimi nilitazama kidogo tu, mara moja, kisha nikarudi kumtazama mtoto. Hiyo ndiyo safari yangu ya kutazama milima. Mama mmoja wa Ikombe, Felista, alinipa jivu la moto na majani ya kumkanda Neli, akaniuliza, "Baba yake yuko wapi?" Nikamwambia yuko milimani. Akanyoosha kidole juu kuelekea Ukinga. Nikasema, "Si hiyo, mama. Ya mbali." Akanitazama, akanichagulia chungu kikubwa kuliko nilichokuwa nimekiomba, na hakuniuliza tena.

Nimepotea mbali kidogo na nilikoanzia. Neli ameamka, nimemnyonyesha, amelala tena. Naendelea.

Unajua jinsi tunavyosoma barua zako? Hujawahi kuuliza. Mwinjilisti Lazaro yuko mwendo wa siku nzima na huja mara chache, kwa hiyo msomaji wa mji huu ni mimi. Baba yako huketi nje mbele ya zizi, ametugeuzia mgongo. Mimi huketi ndani nyuma ya ukuta wa mianzi, nimejifunika nguo kichwani, uso nimeuelekeza ukutani. Mama yako huketi mlangoni katikati, yeye ndiye njia. Nasoma kwa sauti, na baba yako anasikia kila neno. Lakini akitaka kuuliza humwambia mama yako, mama yako hunigeukia na kuniambia mimi niliyekwisha kusikia, nami humjibu mama yako, naye humpelekea baba yako jibu lililokwisha kumfikia. Barua ya kurasa nne huchukua asubuhi nzima, na uji unaungua.

Siku ya barua hii ya tano, baba yako alisema, "Muulize, huo mlima una nyasi?"

Mama yako akageuka. "Anauliza una nyasi?"

"Mwambie ameandika kwamba juu ni mawe na theluji tu."

"Mawe na theluji."

"Sasa walipanda kufuata nini?" akauliza baba yako.

Hilo mama yako hakuniletea. Alimjibu mwenyewe, "Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Kutazama chini walikotoka."

Baba yako akasema, "Na huyo Bwana ni mtu mzima?" Mama yako akaziba mdomo kwa nguo, nami nikauma midomo yangu, maana mkwe hacheki baba wa mume wake anaposikia. Basi tulicheka kwa mabega tu. Nakueleza hili ili ujue kwamba barua zako tunazipenda. Baba yako amezitia zile nne za kwanza kwenye bomba la mwanzi na kuliziba kwa nta, na wageni wakija hulitoa wakaliona.

Kisha nikafika pale ulipoandika habari za kile kijiji. Nayanakili maneno yako, nikiyatoa katika Kinyakyusa na kuyatia Kiswahili: "Zamani wazee wa hapa walikaa chini kando ya mto. Mwaka mmoja mto ulichukua nyumba saba na watu wake. Ndipo wote wakahamia juu kwenye mwamba, na mpaka leo ni salama, na wageni hutoka mbali kuja kutazama nyumba zao. Katika kila dirisha wanaweka maua mekundu."

Nilisimama hapo. Sikuweza kuendelea. Mume wangu ameuona mto, ameambiwa habari za nyumba saba, ameambiwa jinsi watu walivyohamia juu, amekwisha kusimama juu hapohapo na kutia nukta ya wino. Na kalamu yake haikusita hata kidogo, ikaenda kwenye maua. Mama yako akageuka kuona kama nimeugua.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nakuungamia sasa. Nilisoma maneno ambayo hukuyaandika.

Nilisoma hivi, kwa sauti ileile: "Baba yangu, nilipoziona nyumba hizo niliwakumbuka mama Yotamu na watoto wangu walioko kando ya mto. Mimi mwanao nakuomba uwape kile kiwanja chako cha juu, pale ulipoikata migomba yenye ugonjwa, wajenge kabla ya masika." Kisha nikarudi kwenye maua mekundu ya madirishani na kuyasoma yote mpaka mwisho, na ulimi wangu mkavu kama gunzi.

Ng'ombe walikuwa wakitafuna, nami nikawa nasikia hata kutafuna huko. Baadaye baba yako akasema, "Mwambie arudie hapo pa kiwanja."

Mama yako alinitazama. Nilirudia, na migomba ndani yake. Baba yako akakohoa, akainuka, akaenda shambani bila kuchukua barua atie kwenye mwanzi wake.

Siku tatu sikulala vizuri. Mkwe kumwomba baba wa mume wake ardhi kwa mdomo wake mwenyewe ni aibu ambayo watu huku wataisimulia mpaka Neli aolewe. Nami nilikuwa nimefanya hivyo, tena nimevaa mdomo wako. Kwa Mungu nimetubu. Kwa baba yako siwezi kutubu, maana siruhusiwi kusema naye. Unaona jinsi nilivyofungwa huku na huku.

Siku ya nne mama yako alikuja jikoni kwangu, akakaa, akanyoosha mguu wake, akasema, "Nimetumwa. Nisikilize bila kunikatiza, nisije nikasahau. Amesema hivi: Mwanangu Ambilikile ana macho marefu sana. Yuko Ulaya, tena juu ya mlima, ameiona migomba niliyoikata mwezi wa saba, baada ya yeye kuiandika barua."

Ambilikile, uso wangu uliwaka. Ni kweli. Ulipoondoka migomba ile ilikuwa imesimama na mikungu yake. Iliugua baadaye, akaikata mwaka huu, nami naiona imelala pale kila nikienda kuchota maji, ndiyo maana ilinitoka. Sikufikiri. Mtu akisema uongo kwa mara ya kwanza hajui sehemu ipi aiache nje.

Mama yako alicheka mpaka akashika kiuno. Nikamwambia, "Mama, niue tu." Akasema, "Ngoja, bado. Amesema tena: Msomaji asijibu, kwa kuwa simwulizi. Nasema mbele ya mama mkwe wake tu. Kiwanja nimempa."

Nililia, nakwambia kweli. Nililia kama Yotamu siku ya nukta.

Lakini yapo maneno ya tatu, na haya ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu ya risasi leo. Mama yako aliyasema polepole, hakucheka tena: "Tangu mwanangu aondoke hajaniomba kitu. Hajaniomba hata neno la dawa ya kifua chake. Ananionyesha milima kama mtu anayemwonyesha mgeni. Nyumba itajengwa. Mlango nitautia mimi, kama nilivyoutia kwa ndugu zake wote. Lakini nitautia siku nitakayosikia ombi lake mwenyewe, kwa mkono wake, tena asomaye awe Lazaro."

Basi, ndivyo ilivyo. Nyumba imesimama pale juu. Nguzo zimechimbiwa, mianzi imefungwa, ndugu zako wameezeka upande mmoja, nami nimekandika udongo ndani kwa mikono hii, Neli mgongoni. Ukisimama pale unaona mto wote, unaona ziwa, unaona Ukinga mpaka juu. Hata wale watu wako wa mjini wangekuja kutazama. Lakini pa mlango ni tundu. Siwezi kulaza watoto kwenye nyumba yenye tundu. Chui alimchukua mbwa wa Nsajigwa mwezi uliopita. Kwa hiyo bado tunalala huku chini, na ukingo unamomonyoka hata sasa wakati wa jua. Jana donge la kiasi cha ng'ombe liliangukia majini, pale ulipokuwa ukinolea shoka.

Nilikasirika nilipoyasikia maneno hayo ya mlango. Nilisema moyoni, mzee huyu anacheza na watoto wangu. Siku ya pili nilielewa, na hasira yangu ikahama ikaja kwako. Kwangu mimi lile ni tundu la chui. Kwake yeye ni mwanawe. Ameketi pale mbele ya zizi barua tano nzima, ametega sikio, akingoja neno moja litakalomwonyesha kwamba bado unamhitaji, nawe umempa saa yenye watu wa mbao. Mimi nilimpa neno hilo kwa uongo, akalipokea, halafu akalihesabu kwa migomba, akajua si lako. Nadhani hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe.

Kwa hiyo nakuambia sasa, kwa upole lakini sitarudia. Barua hii itaondoka na meli ijayo. Utaipata kabla ya Krismasi. Siku hiyohiyo uipatapo, usingoje Jumapili, usingoje Bwana apumzike, kaa chini umwandikie baba yako. Mwombe kiwanja, ingawa amekwisha kukitoa. Mwombe mlango. Mwombe na dawa ya kifua. Mwombe kitu chochote mtoto anachomwomba babaye. Jibu lazima lifike Mwaya kabla ya mwezi wa tatu, mto unapoanza kupanda. Andika ombi kwanza, mlima baadaye. Ukianza na mlima, Lazaro atachoka kabla hajafika.

Na ukimaliza, mwambie Bwana wako kwamba mlipatana msimu mmoja wa mvua na mmoja wa jua. Sasa misimu imepita minne. Umeandika kwamba kwenye mapaa ya vijiji vile kuna ndege warefu weupe wenye miguu myekundu, wanaojenga juu ya dohani, zile bomba za moshi, nao huondoka baridi inapokaribia na watu hawajui waendako. Mimi najua. Ni korongo. Wanakuja hapa, kwenye mashamba yetu ya mpunga, wanakula panzi mbele ya mlango wangu. Mwaka jana niliwaona, na nilipoisoma barua yako nikaelewa kwamba walitoka uliko wewe. Hawana nauli wala ruhusa, na wanafika. Nawe mwenye miguu, mke na watoto wawili bado unatazama dohani walipoondoka.

Nimeandika kwa ukali, nami siufuti. Lakini usidhani sikuoni. Nimeitazama sana ile picha. Pembeni kuna watu wa kijiji, wanawake wenye aproni na wazee wenye kofia, na hakuna hata mmoja anayetazama mlima. Wote wanatazama upande wa nukta. Nimejiuliza, siku ile nani alikuwa kitu cha kutazamwa, ni kijiji au ni mume wangu? Hukuandika hilo. Labda ndiyo sababu unaandika milima tu. Kama ni hivyo, mume wangu, niandikie mimi kwa Kiswahili. Sitamsomea mtu.

Mama yako anakusalimu na kusema mguu wake unajua mvua kabla ya mawingu, na mwaka huu zinakuja mapema. Nsajigwa anakusalimu, amejenga juu, ana mlango. Lazaro anakusalimu, amenipa karatasi hizi na kalamu. Felista wa Ikombe hakujui, lakini nikipita kule tena nitapenda kumwambia umerudi. Yotamu anamsalimu baba yake nukta. Neli amekuandikia kwa kidole chake cha uji, alama yake iko hapa pembeni, usidhani ni uchafu. Baba yako hajasema nikusalimu, kwa kuwa hajui naandika, nami siwezi kumwambia.

Mungu aliyekuvusha bahari akulinde na baridi, akuponye kifua, akupe usingizi, na akurudishe ukiwa na miguu yako yote miwili na maneno yako mwenyewe mdomoni.

Ni mimi mkeo, nikupendaye hata kwa hasira hii,

Angetile, mama Yotamu na Neli

Nimefungua tena barua kuongeza neno moja. Ukimwomba baba yako, usinakili maneno yangu. Mwambie "pale juu" tu. Migomba usiitaje.